Jezi Iliyopigwa Kiatu

Mimi mpira siupendi. Naomba hilo lieleweke mapema, maana watu wa Mtaa wa Pei Ho wakisikia nimekaa kusimulia habari za Mjomba Kiu watasema uzee umenibadilisha. Haujanibadilisha. Mkahawa wangu uko chini, klabu ya Kam Hoi iko ghorofa ya tatu, na kwa miaka thelathini na nane furaha zote na vilio vyote vya klabu ile vimeteremka ngazi, vikakaa kwenye viti vyangu na kuagiza chai ya maziwa. Hivyo ndivyo nilivyoujua mpira. Kwa kulazimishwa.

Kiu Wing-cheung ni mtunza jezi wa Kam Hoi. Ana miaka sabini na mbili, mfupi, masikio makubwa, vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni. Aliingia klabuni mwaka 1975 kumshikia nafasi mtunza jezi aliyekuwa anaugua matubwitubwi. Wakamwambia ni wiki moja tu. Yule mgonjwa akapona, akafungua duka la vyerehani, akaoa, akapata wajukuu, akafa. Mjomba Kiu bado anamshikia nafasi.

Mpira wenyewe hajui kuupiga. Siku moja ulimjia pale pembeni ya uwanja, akaurudisha kwa teke. Kiatu kilikwenda mbele, mpira ukaenda nyuma, na uwanja mzima ukacheka mpaka refa akashindwa kupuliza filimbi. Lakini mwambie akuoneshe doa la nyasi lilivyo na doa la damu lilivyo, na lipi linataka maji baridi, utakaa hapo mpaka chai yako ipoe.

Na zamani hizo Kam Hoi ilikuwa Kam Hoi kweli. Ilikuwa inajaza uwanja mpaka watu wengine wanakwea kilima cha nyuma na kutazama bure wakiwa wameshikilia miti. Mwaka 1978 walichukua ngao, na mtaa huu haukulala siku mbili. Mjomba Kiu alikuwa anafua zile jezi za manjano kule juu ya paa, kwa mikono, kwa sabuni ya mche, kisha anazitundika kwenye mianzi iliyochomoza juu ya barabara. Sasa sikiliza vituko vya watu: walikuwa wanapanga foleni chini ya matone wapate bahati! Jezi namba kumi ikichuruzika, wazee wanavua kofia. Akina mama wanakinga viganja kabla ya kwenda kucheza kamari ya mahjong. Mume wangu, Mungu amrehemu, siku ya harusi yetu alipita kwanza kusimama chini ya namba kumi na suti yake mpya. Akaja ukumbini bega moja limelowa chapachapa. Mama yangu akaniuliza, "Huyu bwana harusi mbona analilia begani?"

Kisha mambo yakaharibika, si kwa siku moja. Mwenyekiti tajiri alikufa na wanawe hawakutaka kusikia habari za mpira. Wachezaji wazuri wakachukuliwa mmoja mmoja. Watu wakaanza kukaa nyumbani kutazama timu za Ulaya kwenye televisheni. Kam Hoi ikashuka daraja la pili, ikashuka la tatu, na chini ya la tatu hakuna la nne, kuna kufukuzwa ligi tu. Siku hizi kipa wetu ni mpishi wa maandazi ya mvuke, mabeki ni madereva wa malori, na mshambuliaji ni fundi bomba. Jezi ni seti moja, kumi na tatu tu, zilizoshonwa miaka kumi na minne iliyopita. Mjomba Kiu amezitia viraka mpaka baadhi zina kiraka juu ya kiraka.

Na yale matone yaliyokuwa yanapangiwa foleni? Mama mmoja wa ghorofa ya pili anayashtaki. Kila Jumanne anatoa kichwa dirishani: "Wee mzee! Maji yako yananidondokea kwenye maua yangu!" Maafisa wameshakuja mara mbili na kalamu zao.

Sasa nije kwa Tsoi Long-hei, maana bila huyo hakuna hadithi. Mama yake alimleta klabuni akiwa na miaka kumi na mitano. Alikuwa mwembamba, lakini ana mbio na ana shabaha. Mama alikuwa anafanya kazi ya zamu, basi Long-hei akawa anakula supu ya mifupa ya Mjomba Kiu na kulala kwenye mifuko ya jezi. Alipovunjika goti la kushoto akiwa na miaka kumi na tisa, Mjomba Kiu alikaa hospitalini siku kumi na moja, amebana chupa ya supu ndani ya koti ili wauguzi wasiione. Goti likapona. Long-hei akarudi uwanjani akafunga mabao ishirini na sita, watu wakaanza kusema, jamani, Kam Hoi hiyo inarudi! Mwaka uliofuata klabu kubwa ikamwita. Akaenda. Hakuaga. Aliiacha jezi namba tisa imekunjwa juu ya benchi, basi.

Mjomba Kiu aliiokota, akaifua, akairudisha kabatini. Tangu siku ile miaka kumi na miwili imepita na watu wanne wameivaa, na Mjomba Kiu hajawahi kumwita hata mmoja wao namba tisa. Anasema, "Yule aliyeazima ya Long-hei."

Mwezi wa tano mwaka huu tukafika mechi ya mwisho ya msimu, na Kam Hoi iko mkiani. Wakitoka sare wanampita aliye juu yao na wanabaki kwenye ligi. Wakifungwa, wanatolewa. Na wapinzani ni nani? Wo Shing, vinara, na mshambuliaji wa Wo Shing ni huyo huyo Long-hei, umri umeenda lakini amefunga kila mechi.

Mwenyekiti wetu wa sasa, Bwana Sit, ni daktari wa meno, mtu mpole. Alikuja mkahawani siku ya Jumatano akazungumza kwa upole uleule anaong'olea watu meno.

"Tukitoka kwenye ligi, Mjomba, naandika barua ya kuifunga klabu. Chumba tunakirudisha kwa mwenyewe. Nisamehe."

Mjomba Kiu alikuwa anakula makaroni ya supu. Akaweka kijiko chini. Bwana Sit alipoondoka akaniambia, "Dada Fan, mimi Jumanne nitakuwa nafua nini?"

Wazo lilikuwa langu, nakiri. Nilimwambia, "Twende darajani tukampigishe kiatu."

Bibi wa darajani namjua. Anaitwa Bibi Pau, amekaa kwenye kigoda cha plastiki chini ya barabara ya juu kule Mfereji wa Mashariki, ana tofali, ana kiatu cha zamani, ana watu wadogo wa karatasi. Unamtajia mbaya wako, naye anamtwanga. Niliwahi kumpelekea jina la mama mkwe wangu, na wiki ile ile mama mkwe akahamia kwa dada yake Macau. Kwa hiyo usiniambie haifanyi kazi.

"Mimi simwombei mtu mabaya," Mjomba Kiu akasema.

"Nani kakwambia umwombee mabaya? Ateleze kidogo tu. Dakika tisini, halafu ainuke zake aende."

Akafikiri. "Dakika tisini tu?"

"Tisini."

Ijumaa tukaenda. Magari yanavuma juu, moshi wa ubani unaingia machoni, na Mjomba Kiu amekumbatia mfuko wa karatasi kifuani. Bibi Pau akamtazama juu mpaka chini.

"Nani? Bosi? Jirani? Hawara wa mkeo?"

"Mshambuliaji," Mjomba Kiu akasema.

"Alikushambulia wapi?"

Nikaingilia kati nikaeleza. Bibi Pau akatikisa kichwa, akaniuliza jina, nikamwambia. "Amezaliwa lini?"

Mimi nilikuwa sijui. Mjomba Kiu akajibu bila kufikiri, "Mwezi wa kumi na moja, tarehe kumi na tisa, saa kumi na moja alfajiri. Mvua ilikuwa inanyesha. Alitanguliza miguu."

Bibi Pau akasimamisha kiatu hewani. "Huyu adui yako au mwanao?"

"Adui," akasema, lakini sauti haikutoka vizuri.

"Una kitu chake chochote? Nguo ni nzuri zaidi. Inashika."

Mjomba Kiu akafungua mfuko akatoa jezi namba tisa, imepigwa pasi, imekunjwa pembe kwa pembe. Niliona na sikuona, kama watu wasemavyo. Kichwa changu chote kilikuwa kwenye kiatu. Bibi Pau akaitandaza juu ya tofali, akaweka mtu wa karatasi juu yake, akaanza kutwanga na kuimba:

"Napiga jicho lako, goli moja ulione mawili! Napiga kichwa chako, mpira ukuendee usikotaka! Napiga mguu wako wa kulia, ukikimbia ujikwae! Napiga goti lako..."

"Goti la kushoto liruke, Bibi!" Mjomba Kiu akadaka mkono wake. "Tafadhali. Aliwahi kuumia hilo."

"Ala!" Bibi Pau akanigeukia mimi. "Shoga, nimpige huyu mtu au nimkande?"

"Mpige," nikasema. "Lakini liruke goti."

Akaliruka, huku ananung'unika kwamba miaka arobaini ya kazi hajawahi kupangiwa viungo. Kisha akachoma karatasi, akarusha chini vipande vyake viwili vya mbao vya kupigia ramli, vikaangukia upande wa kukubali. Kazi ikaisha. Mjomba Kiu akaikung'uta jezi. Mgongoni palikuwa na alama ya soli, nyeusi kwa majivu ya ubani, yote, mpaka misumari ya kisigino.

Aliifua mara tatu. Doa lile hata yeye lilimshinda.

Jumapili nikafunga mkahawa, jambo ambalo sikulifanya hata kwa ajili ya mume wangu alipokuwa hai, nikabeba supu nikaenda uwanjani. Mashabiki wa Kam Hoi walikuwa kumi na saba, niliwahesabu, na wawili walikuwa wamekuja kuchua miguu kwenye kivuli. Wachezaji wanavaa kando ya benchi. Mjomba Kiu anagawa jezi moja moja kwa mikono miwili kama anavyofanya siku zote: moja, mbili, tatu. Akafika tisa. Ngan Pak-him, yule fundi bomba, akaipokea akaitumbukiza kichwani.

"Mjomba, hii jezi mgongoni ina nini? Mbona kama mtu kanikanyaga?"

Nikamwona Mjomba Kiu anabadilika rangi, kuanzia masikioni. Akanijia taratibu akakaa karibu yangu.

"Dada Fan," akasema. "Tumempiga Pak-him."

"Nani kampiga? Lini?" Halafu nikaelewa, na supu nusura iniangukie miguuni. "Wewe mwanamume! Jezi ulichukua kabatini?"

"Nilichukua ya Long-hei."

"Ya Long-hei! Miaka kumi na miwili! Inavaliwa na nani kila Jumapili?"

"Anaiazima Pak-him," akasema, na hapo ndipo na yeye alipojisikia anachokisema.

Jezi ya akiba hakuna. Orodha ya namba iko kwa refa. Nikamwambia basi mwambie Pak-him ajihadhari. "Nimwambie nini? Kwamba nilimpeleka darajani nimemkunja ndani ya mfuko?" Filimbi ikapulizwa.

Dakika ya tatu Pak-him alijikwaa, peke yake, mahali ambapo hapakuwa na mtu wala jani. Mguu wa kulia. Dakika ya kumi na moja mpira ukampiga jichoni. Akaoshwa, akarudi, akapata nafasi yeye na kipa tu, akapiga shuti likaenda kugonga pipa la taka nje ya uwanja. Bwana Sit akampigia kelele, "Umepiga wapi?" Pak-him akajibu huku amefumba jicho, "Niliona magoli mawili, Mwenyekiti! Nikachagua la kulia!"

Mjomba Kiu akashika mkono wangu akaubinya. Ana vidole vya chuma yule mzee.

Kabla ya mapumziko Wo Shing wakapata kona. Pak-him akarudi kusaidia, akaruka vizuri kabisa, na mpira ukagonga kichwa chake ukaingia kwenye goli letu. Moja bila. Mashabiki wote kumi na saba wakatukana kwa pamoja, matusi ambayo siwezi kuyarudia kwa sababu mkahawani kwangu wanakuja watawa. Jicho, kichwa, mguu wa kulia. Bibi Pau hakubakisha kitu. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikaamua kumwagia Mjomba Kiu supu kwenye bakuli. Hakuinywa.

"Nimeiua mwenyewe," akasema. "Miaka arobaini na tisa nimeifua, halafu nimeiua mwenyewe kwa kiatu cha bibi."

Kipindi cha pili Wo Shing walikuwa hawana haraka, wameshapanda daraja. Long-hei alipiga mwamba, akapiga tena, yule mpishi wa maandazi akaudaka akiwa amekaa chini. Dakika zikaenda. Sabini. Themanini. Bwana Sit alikuwa ametoa kalamu mfukoni anaifungua na kuifunga, na mimi nikajua ni kalamu ya ile barua.

Zikabaki dakika mbili. Beki wetu mmoja, dereva, akaupiga mpira mbele kwa hasira tu, bila kumlenga mtu. Pak-him akaukimbilia. Alikuwa amefumba jicho moja, anachechemea mguu wa kulia, kwa kweli hakuuona mpira unadondoka. Ukadunda mbele yake, ukampanda, ukamgonga kwenye goti. Ukampita kipa juu ya mabega, ukaingia polepole.

Goti la kushoto, jamani! Nilipiga yowe mpaka wale wa kuchua miguu wakasimama.

"Umeona?" nikamtikisa Mjomba Kiu. "Umeona goti lipi?" Lakini alikuwa amefunika uso kwa taulo la timu, na masikio yake mawili yanatetemeka.

Sare. Kam Hoi ikabaki kwenye ligi. Pak-him alibebwa juu juu, bado anauliza imeingia goli lipi.

Wakati tunakusanya jezi jasho likiwa bado la moto, Long-hei akaja. Miaka kumi na miwili hakuwahi kutusogelea. Akasimama mbele ya mfuko wa jezi, akainyanyua namba tisa, akaitazama mgongo. Amezaliwa mjini hapa, alama ile haihitaji kuelezwa.

"Mjomba. Nani alipigwa?"

Angeweza kudanganya. Mimi ningedanganya na kuapa juu yake. Mjomba Kiu akasema, "Wewe."

Long-hei akacheka, halafu akaona kwamba ni kweli, akaacha. "Mimi? Na mbona mmenipiga kwa jezi ya yule jamaa?"

"Ile si yake. Ni yako."

"Niliondoka, Mjomba."

"Kuondoka uliondoka. Jezi ilibaki."

Hapo mimi nikamgeukia Long-hei. Nikamwambia yote: tarehe yake ya kuzaliwa, saa, mvua, na jinsi mzee huyu alivyomdaka bibi wa watu mkono. "Alisema goti la kushoto liruke! Bibi Pau kauliza tukupige au tukukande! Kama si goti lako, mwanangu, saa hizi hatuna klabu. Umetufungia bao bila kuugusa mpira."

Long-hei alikunja goti lake la kushoto, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akaikunja ile jezi pembe kwa pembe, namna Mjomba Kiu alivyomfundisha, akaiweka juu ya benchi akaenda kwenye basi lao. Hakuaga. Nikasema moyoni, haya, mara ya pili.

Jumanne Mjomba Kiu alikuwa juu ya paa na beseni lake. Mwenyekiti alikuwa amepita asubuhi kusema barua haikuandikwa, na kwamba msimu ujao atatafuta jezi mpya. Mjomba Kiu akamwambia jezi zipo. Jua lilikuwa kali. Nilitoka nje kumwaga maji, nikaona mtu amesimama njiani, kwenye njia yenyewe ya watu, amevua kofia. Nilitaka kumfokea asizibe mlango wangu. Kisha nikamtazama vizuri.

Long-hei alikuwa amesimama chini ya namba tisa, ameinua uso. Lakini matone yalikuwa yamekwisha, jezi ilishakamuliwa na jua lilishaipiga.

Mjomba Kiu alimwona kutoka juu. Hawakusalimiana. Akauvuta ule mwanzi ndani, akaichomoa namba tisa, akaitumbukiza kwenye beseni mpaka chini, akaitundika tena bila kuikamua. Maji yakamshukia Long-hei usoni na shingoni mwake, na yeye hakusogea.

"Wee mzee!" mama wa ghorofa ya pili akatoa kichwa. "Maua yangu!"

"Funga dirisha!" nikamwambia. "Funga dirisha, mama, wacha watu walowe!"

Kama atarudi kuivaa, sijui, na sitamuuliza. Ana miaka thelathini na tatu, na goti ni goti. Lakini nilipokuwa pale na ndoo yangu tupu nikaona Mjomba Kiu anaichovya na namba kumi, kwa raha zake tu. Nikaweka ndoo chini. Nikatazama huku na huku kama kuna mteja anayeniona, nikasogea hatua mbili, nikasimama chini yake mpaka bega moja likalowa.

Mpira bado siupendi.